Fundi Aliyekataa Mrabaha

Ndugu zangu wapenzi wa muziki, wenyeji wetu mliotukaribisha, na ninyi vijana wa bendi mliokaa pale nyuma na magitaa yenu mapajani, nawasalimu sana. Wakubwa, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie muziki wa roki ninaoupenda, hasa ule wa bendi zinazojitegemea, ambao wenyewe wanauita indie. Ningeweza kusimama hapa mpaka alfajiri nikitaja bendi moja baada ya nyingine, na kila moja ningeitetea. Nimeamua nimzungumzie mtu mmoja. Wengi wenu mmeshaisikia kazi yake bila kujua kuwa ni yake, na mwenyewe ndivyo alivyotaka iwe. Jina lake ni Steve Albini. Alizaliwa California mwaka 1962, akakulia Missoula kule Montana, akasomea uandishi wa habari chuo kikuu jirani na Chicago, akabaki hukohuko. Alifariki tarehe 7 Mei 2024 kwa mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 61. Alipiga gitaa na kuimba katika bendi zake mwenyewe, Big Black na baadaye Shellac, lakini kazi iliyomlisha ilikuwa kurekodi bendi za wenzake.

Nampenda kwa sababu namna alivyorekodi na namna alivyodai malipo yake vilitoka kwenye wazo moja: muziki ni mali ya waliopiga. Wengi wanalisema hilo. Yeye alilifuata hata pale lilipomgharimu pesa nyingi sana, na ukisikiliza santuri zake kwa makini unalisikia humo ndani.

Tuanzie Boston, mwaka 1986. Vijana wawili waliosoma pamoja, mwimbaji anayejiita Black Francis na mpiga gitaa Joey Santiago, wanatoa tangazo la kutafuta mpiga besi. Wanataka mtu anayewapenda Hüsker Dü na vilevile Peter, Paul and Mary. Hüsker Dü walikuwa watu wa kelele na kasi. Peter, Paul and Mary ni watatu walioimba nyimbo laini za asili ya Kimarekani, sauti zimepangwa vizuri, hakuna anayemfunika mwenzake. Aliyeitikia tangazo hilo ni mtu mmoja tu, Kim Deal. Besi hakuwa nayo wala hakuwahi kuipiga. Wakamchukua hivyohivyo, naye akaazima besi ya dada yake. Wakampata na David Lovering wa dramu, na hiyo ndiyo Pixies.

Desemba 1987 bendi hiyo iliingia studio ya Q Division, hapohapo Boston, kurekodi na Albini albamu iliyokuja kuitwa Surfer Rosa. Kazi ilichukua siku kama kumi. Albini alilipwa dola 1,500, akazichukua, akarudi Chicago. Hakudai asilimia ya mauzo. Albamu ikatoka Machi 1988 kupitia 4AD, lebo ndogo ya London.

Sasa naomba mkirudi nyumbani muisikilize kwa spika zenye besi ya kutosha, msiisikilize kwa simu. Anzeni na dramu. Miaka ile rekodi nyingi za roki zilikuwa na dramu zilizovikwa mwangwi wa mashine hadi kila pigo linasikika kama mlango wa kontena unaobamizwa. Kwenye Surfer Rosa unasikia fimbo ikigusa ngozi, unasikia ngozi ikivuta pumzi, halafu unasikia chumba kikijibu. Unajua chumba hicho kina ukubwa gani. Unajua Lovering amekaa wapi na Santiago amesimama wapi. Na ile sauti ya Kim Deal inayoelea nyuma kwenye "Where Is My Mind?", ile ya kuita kutoka mbali, Albini aliipata kwa kumtoa mwimbaji studio na kumpeleka bafuni. Kuta za bafu zilikuwa na mwangwi wake wa asili, kwa hiyo akatega maikrofoni kulekule na kumwambia aimbe. Yeyote aliyewahi kuimba akioga anaujua mwangwi ule. Kinachonigusa ni kwamba mtu aliyeajiriwa kwa ustadi wake wa mitambo alitafuta kwanza kitu kilichopo kweli, kabla ya kugusa kitufe chochote.

Kurt Cobain wa Nirvana alisema wazi mwaka 1994 kwamba alipotunga wimbo uliomfanya ajulikane dunia nzima alikuwa anajaribu kuwaiga Pixies: beti za chinichini, halafu kiitikio kinapasuka. Kwa hiyo hata kama hamkuwahi kulisikia jina la Pixies, mmeshawasikia watoto wao na wajukuu wao.

Albini alikataa kuitwa prodyuza. Kwenye majalada alitaka iandikwe kuwa albamu "imerekodiwa na" yeye, na mara nyingine aliomba jina lake lisiandikwe kabisa. Alikuwa anasema bendi inajua vizuri kuliko yeye inavyotaka kusikika. Kazi yake ni kuhakikisha kilichotokea chumbani ndicho kilichoingia kwenye tepu. Hilo linasikika rahisi mpaka uone kazi aliyoifanya. Kwenye dramu aliweka maikrofoni juu na chini ya ngoma moja, kwa sababu ngozi ya juu na ya chini hazisemi kitu kimoja. Aliweka nyingine sakafuni, mbali kabisa na dramu, kisha akachelewesha sauti ya zile za mbali kwa milisekunde chache ili chumba kisikike kikubwa zaidi. Alirekodi kwenye tepu hadi mwisho wa maisha yake, na sababu yake kubwa ilikuwa ya mhifadhi kuliko ya mpenda mambo ya kale: tepu itachezeka hata baada ya miongo mingi, lakini faili la programu ya leo huenda likakosa wa kulifungua. Na alipenda bendi ipige pamoja, wote chumba kimoja, macho kwa macho.

Hapa wakubwa wetu mliopo mtanielewa haraka. Nyimbo za dansi zilizorekodiwa studio za Radio Tanzania, za kina NUTA Jazz na wenzao, zilirekodiwa hivyo: bendi nzima inaingia, magitaa, besi, saksafoni na waimbaji, wanahesabu, wanaanza. Akikosea mmoja, mnarudia wote. Ndiyo maana hadi leo ukisikiliza rekodi zile unasikia solo na rithimu zikisubiriana, unamsikia mpulizaji akivuta pumzi kabla ya zamu yake. Mimi nililelewa na sauti hizo, na naamini ndizo zilizofanya masikio yangu yazikubali bendi za Albini siku ya kwanza tu nilipozisikia, ijapokuwa lugha ilikuwa ngeni na kelele zilikuwa nyingi. Nilisikia watu wakisikilizana.

Nije kwenye barua. Mwaka 1991 Nirvana walitoa Nevermind, ikauza mamilioni, na Cobain hakuridhika na jinsi ilivyong'arishwa. Kwa albamu iliyofuata alimtaka mtu aliyerekodi Surfer Rosa, na pia Pod ya The Breeders, bendi nyingine ya Kim Deal. Kabla ya kukubali, Albini aliwaandikia barua ya kurasa nne. Ninaiona ni moja ya maandishi bora kabisa kuhusu kazi ya muziki, na sisemi hivyo kwa mahaba tu. Aliwaeleza kwamba albamu nzuri hurekodiwa kwa siku chache, na kwamba ikichukua zaidi ya wiki moja, kuna mtu anaharibu mambo. Halafu akafika kwenye malipo. Alisema anataka alipwe kama fundi bomba: nafanya kazi, mnanilipa thamani ya kazi. Kampuni ya rekodi, aliwaambia, itategemea nidai asilimia moja au moja na nusu ya mauzo. Albamu ikiuza nakala milioni tatu, hizo ni kama dola 400,000. Akasema hawezi kuzichukua kamwe pesa hizo, hatapata usingizi. Aliona mrabaha unaolipwa prodyuza au fundi mitambo ni tusi kwa bendi, kwa kuwa bendi ndiyo iliyotunga nyimbo, bendi ndiyo inayopanda jukwaani, na mashabiki wananunua albamu kwa ajili ya bendi.

Fikirini aliyekuwa anaandikiwa. Hiyo ndiyo ilikuwa bendi kubwa kuliko zote za roki wakati ule. Hakuna ambaye angemlaumu kwa kuchukua fungu lake, maana ndiyo ilikuwa desturi ya biashara. Alichukua malipo ya mara moja, dola 100,000, ambayo ni pesa nzuri, sitaki mtu aondoke hapa akidhani alifanya kazi ya sadaka. Lakini alijua anachokiacha, alikipigia hesabu, akawaandikia hesabu yenyewe.

Februari 1993 wakaenda Pachyderm, studio iliyoko katikati ya misitu ya Minnesota, wakati wa theluji, wakaandikisha nafasi kwa jina la uongo ili wasisumbuliwe. Wiki mbili, kazi imekwisha. Cobain alirekodi sehemu kubwa ya kuimba kwa muda wa saa sita hivi. Albamu ni In Utero. Dave Grohl anapofungua "Scentless Apprentice" kwa dramu peke yake, unakuwa umekaa naye chumba kimoja, na unamwogopa kidogo. Kampuni haikufurahia matokeo, nyimbo mbili zikapelekwa kwa Scott Litt kuchanganywa upya, magazeti yakapiga kelele. Ilipotoka Septemba 1993 ikaingia moja kwa moja namba moja Marekani. Mimi huwa naiweka juu ya Nevermind, na niko tayari kubishana na yeyote baada ya hotuba hii.

Mwaka huohuo wa 1993 Albini alichapisha makala katika jarida la The Baffler kuhusu mikataba ya muziki. Ninyi vijana wa bendi, hapa naomba mniazime masikio. Makala ina maneno makali, lakini kiini chake ni hesabu. Anachukua bendi ya kufikirika inayosaini na kampuni kubwa na kupewa dola 250,000 za kuanzia. Bendi inashangilia. Kisha anashuka mstari kwa mstari: wakili, meneja, studio, prodyuza, video, ziara, basi, chakula. Albamu inauza nakala 250,000, mauzo ambayo bendi yoyote ingeyaota. Mwisho wa hesabu kampuni imepata faida ya dola 710,000, prodyuza amepata 90,000, na kila mwanabendi ameondoka na dola 4,031 na senti 25. Anaongeza kwamba hiyo ni kama theluthi ya ambayo angepata akiuza duka la mtaani.

Nimeona mkataba mmoja alioletewa kijana ninayemfahamu, akaambiwa asaini siku hiyohiyo. Ulikuwa wa kurasa nyingi, kwa Kiingereza cha kisheria, na palipoandikwa gharama hapakuwa na kikomo chochote. Nilimpa ile makala ya Albini badala ya ushauri wangu. Aliisoma usiku, asubuhi akaenda kutafuta wakili.

Upande wa pili ulikuwepo pia, na Albini alikuwa mtu wake. Touch and Go, lebo ya Chicago iliyotoa kazi zake, ilifanya biashara na bendi nyingi kwa kushikana mikono tu: gharama zikisharudi, faida tunagawana nusu kwa nusu, na bendi ikitaka kuondoka inaondoka. Hapo ndipo kilipo kiini cha neno indie kwangu. Siku hizi watu wanadhani ni staili ya gitaa lenye mlio mwembamba na miwani mikubwa. Mwanzoni swali lilikuwa ni nani anayemiliki tepu.

Mwaka 1997 alifungua studio yake mwenyewe Chicago, Electrical Audio. Kuta za chumba kikubwa zilijengwa kwa matofali ya udongo usiochomwa, kwa sababu udongo hauirudishi sauti kwa ukali. Yeye na wenzake walivaa ovaroli kazini. Bei zilitangazwa hadharani, kila mtu akazisoma. Bendi ya vijana wanne waliochanga pesa za kazi za vibarua ilipata maikrofoni zilezile, umakini uleule na Albini yuleyule aliyewarekodi Nirvana, au Jimmy Page na Robert Plant, ambao albamu yao ya 1998 pia aliirekodi yeye. Hakuchagua sana. Ukimpigia simu, ukiwa na siku tatu na pesa ya siku tatu, anakupangia siku. Rekodi nyingi za namna hiyo hazikusikika na mtu nje ya mji wa bendi yenyewe, na nazipenda kwa sababu hiyohiyo: watu wale walistahili kusikika vizuri hata kama hakuna aliyewangoja.

Wanaodhani alijua kelele tu wamsikilize na Low. Walikuwa mtu na mkewe, Alan Sparhawk na Mimi Parker, pamoja na mpiga besi wao, kutoka Duluth, Minnesota. Walipiga polepole kuliko bendi yoyote ninayoijua. Mimi Parker alisimama nyuma ya dramu chache mno, mara nyingi kwa brashi, akaimba na mumewe sauti mbili zilizoshikana hadi huoni pa kuzitenganisha. Kwenye Secret Name ya 1999 na Things We Lost in the Fire ya 2001, Albini aliacha ukimya wao uwe na ukubwa wake. Pale ambapo fundi mwingine angejaza vinanda, yeye hakuweka kitu. Mimi Parker alifariki Novemba 2022, na tangu wakati huo nyimbo zile nashindwa kuzisikiliza nikiwa na shughuli nyingine, inabidi nikae.

Na PJ Harvey, binti wa mashambani Dorset, Uingereza, kwenye Rid of Me ya 1993. Wako waliolalamika kwamba sauti yake imezama mno ndani ya magitaa. Siwaelewi. Wimbo wa kwanza unaanza kwa kunong'ona, unasogeza sikio lako karibu na spika, unaongeza sauti kidogo ili umsikie, na hapo ndipo anapokupata.

Sitaki nimfanye malaika. Ujanani alikuwa na ulimi mchafu, alitafuta kuudhi watu kwa makusudi, na bendi moja aliyoianzisha aliipa jina ambalo sitalitamka mbele ya wazazi wetu. Alidhani mzaha wa kikatili haumdhuru mtu, mradi nia ya msemaji ni njema. Mwaka 2021 alikiri hadharani kwamba alikosea, kwamba mtu mwenye nafasi kama yake alikuwa anawacheka watu waliobeba mzigo ambao yeye hakuubeba. Hakujitetea kwa ujana wala kwa enzi zile. Hata Pixies aliwahi kuwaandika vibaya, na baadaye akasema anajutia. Namheshimu zaidi kwa hayo, lakini walioumia wana haki ya kutomsamehe.

Kuna jambo jingine ambalo sikubaliani naye kabisa. Mwaka 2015 mwanamuziki mmoja wa muziki wa elektroniki, Mwingereza, alimwomba ruhusa ya kutumia kipande cha sauti kutoka bendi yake ya zamani. Albini akamjibu kwamba anauchukia muziki wa klabu, watu wake, nguo zao na kila kitu chao. Halafu ruhusa akampa. Mimi ninayecheza singeli harusini mpaka viatu vinavuja jasho, nasema alikosa utamu mkubwa. Mashine ikishikwa na mtu mwenye moyo inapumua pia, na yeye mwenyewe alipaswa kujua: Big Black walitumia mashine ya dramu, wakaiandika kwenye majalada kwa jina la Roland kama mwanabendi kamili.

Nimebakiwa na wimbo mmoja. Mwimbaji ni Jason Molina, mtu wa Lorain, Ohio, aliyefariki mwaka 2013 akiwa na miaka 39. Mwaka 2002 alikwenda Electrical Audio na kundi kubwa la wanamuziki, wakarekodi albamu ya Magnolia Electric Co. Wimbo wa kwanza, "Farewell Transmission", una zaidi ya dakika saba, na waliupiga wote kwa pamoja, kwa mkupuo mmoja. Mtamsikia Molina akianza na gitaa, dramu zikaingia nyuma yake bila haraka, kisha gitaa la kuteleza likajibu kutoka kona ya chumba. Katikati kuna mahali ambapo bendi haina hakika Molina anageukia wapi. Wanamngoja. Pigo moja, la pili, halafu wote wanamfuata. Fundi mwingine angekata mahali pale, pakawa laini. Albini amepaacha kama palivyo.

Kijana wetu wa mitambo, tafadhali tuwekee, na usipunguze besi.